Koti la Myeye

Kaka yangu ana vidole tisa vya mikono. Kwa hivyo tisa namshukuru mtu mmoja, na kwa kile cha kumi nilimnunia mtu huyohuyo miaka sita mizima. Kwa hiyo maneno yangu yakipanda na kushuka mnivumilie. Mimi ni fundi cherehani, si mwandishi. Wateja wangu husema nakata kwanza ndipo napima, na wanakosea kidogo tu.

Mtu mwenyewe hapa Kambarage, Shinyanga, tunamwita Myeye. Kwetu Wasukuma myeye ni mtu wa kile chama cha wacheza na nyoka, wale wanaovuta watu wakati wa ngoma za baada ya mavuno, wanaojua mizizi, wanaochanja watu dhidi ya sumu na kutibu walioumwa. Alizaliwa wapi na ukoo wake upi, waulizeni wengine. Mimi nilipata akili nikamkuta yupo, nyumba ya nyuma ya kwetu, na nyoka wake saba kwenye masanduku ya mbao yenye wavu. Mama alikuwa akitutisha naye tukikataa kuoga. Baadaye tukagundua kuwa ndiye mtu mpole kuliko wote mtaani, na mama akakosa la kututishia.

Ni mrefu, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi mpaka mstari unakata. Ugoro haumtoki puani. Hasemi haraka. Ukimuuliza swali atavuta ugoro kwanza, apige chafya, ajifute, ndipo akujibu, na mara nyingi jibu lenyewe ni "Sijui." Neno hilo lilikuwa likiniudhi, maana mtu asubiri chafya mbili halafu aambiwe sijui!

Kazi yangu ya kwanza ya maana alinipa yeye. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yametoka mabaya, nimenunuliwa cherehani ili nisikae bure. Akaja na koti la mtumba, zito, refu mpaka magotini, la nchi za baridi.

"Nataka mifuko mitatu ya ndani," akasema. "Mirefu, ifike hapa."

"Ya kuweka nini, Mzee?"

"Wenzangu."

Nikamwambia nitaweka zipu. Akakataa katakata, zipu inaweza kumbana mtu mkia. Anataka vifungo. Nikamuuliza upana. Badala ya kunijibu akaingiza mkono kwenye kapu alilokuja nalo, akamtoa kifutu, yule nyoka mnene mfupi mwenye madoa ya vumbi anayelala njiani na hakimbii mtu, akamlaza kwenye meza yangu ya kukatia. Mimi nilikuwa nimeshapanda juu ya kiti, nimeshika mkasi, napiga kelele za kuita hata waliokufa.

"Pima tu, ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu. "Hana haraka."

Sikupima. Nilikadiria kwa macho kutoka juu ya kiti, na mifuko ikatoka sawasawa. Tangu siku hiyo akawa mteja wangu na akawa ananisifia mjini kote kwamba huyu binti ana jicho.

Alikuwa na heshima za ajabu kwa nyoka. Akiitwa kumtoa aliyeingia nyumbani kwa mtu, hapigi hodi kwa wenye nyumba, anampigia nyoka. Mara moja aliitwa na jirani yetu, mama mmoja muuza vitumbua, nyoka kaingia stoo. Myeye akasimama mlangoni pa stoo akasema, "Hodi, mwenyewe." Yule mama akaitikia kwa adabu, "Karibu baba." Myeye akageuka akamtazama. "Si wewe," akamwambia.

Hakuwahi kuua hata mmoja. Kwa sababu hiyo mwinjilisti wa kanisani kwao hakumpenda, maana Myeye ni Mkristo, tena wa kila Jumapili, benchi la mwisho karibu na mlango. Mwinjilisti alimwambia mbele za watu kwamba nyoka amelaaniwa na Mungu mwenyewe. Myeye akavuta ugoro wake palepale kanisani. "Ameshahukumiwa kutembea kwa tumbo," akasema. "Anatembea kwa tumbo. Mimi nimwongezee nini tena?" Benchi la mwisho lote likacheka, na mwinjilisti akatangaza wimbo.

Basi mtu huyo mwenye kucheza na kifutu kama wewe unavyocheza na skafu, anaogopa sindano. Naapa! Sindano ya hospitali, sindano ya cherehani, hata pini. Akiingia dukani kwangu lazima nifunike kikopo cha pini. Siku moja nilijichoma kidole mbele yake, tone la damu likatoka, akakaa chini kwenye gunia la vitambaa mpaka nimletee maji ya sukari. Na huyu ndiye anayechanja watu kwa wembe.

Niwaambie habari ya picha yake, maana bila picha hii mtu huyu hajakamilika.

Ukutani kwake, juu ya kitanda, palikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye kalenda ya zamani. Picha ya nyoka wa kijani, kijani cha jani la mgomba linapokuwa changa, amejikunja kwenye tawi la mti, kichwa pembetatu, jicho la njano. Chini yake maandishi ya Kizungu. Aliletewa na mfanyabiashara mmoja aliyekuja kufunga duka, akamwambia, wewe ndiye mwenye ndugu hawa. Myeye kusoma Kiswahili anajua, Kizungu hajui, kwa hiyo aliniita mimi mwenye kidato cha nne. Nilikaa na kamusi siku mbili.

Nikamsomea kwamba nyoka huyu ni wa kwenye misitu ya visiwa vya mbali huko Mashariki, visiwa vyenye mvua mwaka mzima. Anakaa mitini. Ana sumu. Hatagi mayai, anazaa.

"Kama kifutu," akasema kwa furaha, kama mtu aliyesikia habari za binamu.

Nikaendelea. Kati ya jicho na pua, kila upande, ana kishimo. Kwa vishimo hivyo viwili anahisi joto, kwa hiyo hata giza liwe zito namna gani anajua panya yuko wapi, kwa joto la mwili wa panya.

Hapo Myeye akasogea ukutani, akaweka kidole kwenye kale kadoa keusi mbele ya jicho. Akaanza kucheka polepole, mabega yanatikisika.

"Ana mashimo usoni," akasema. "Kumbe huyu ni mchimbaji! Mpelekeni Geita."

Lakini baadaye alinirudia mara kumi na swali moja. Akinikuta dukani, akinikuta njiani natoka sokoni. "Huko visiwani, mtu akiumwa na huyu, nani anamtibu? Wana Wayeye huko?" Nikamwambia ukurasa hausemi. "Lakini lazima wapo," akasema. "Haiwezekani nyoka awepo halafu mtu wa kumjua asiwepo." Nilimwonea huruma kidogo. Mtu ameshika nyoka wa Usukuma yote, wa mawe ya Kishapu, wa nyavu za dagaa kule mwaloni Nkome, ziwani, na aliyeushika moyo wake ni huyu wa kwenye kalenda ambaye hatamwona.

Sasa tuje kwenye kidole.

Kaka yangu alipoamua kwenda Geita kuchimba dhahabu, mama alisema haendi mtoto wangu porini bila kuchanjwa. Wala hakuna aliyeshangaa. Mtaani kwetu kijana akienda machimboni anapelekwa kwa Myeye kama vile mtoto anavyopelekwa kliniki. Myeye akamkalisha kwenye kigoda uani kwetu, mchana kweupe, mimi nikiwa barazani na cherehani yangu. Akamchanja kwa wembe mpya, vidogovidogo, kwenye viwiko vya mikono na juu ya nyayo, akapaka unga mweusi. Kisha akasema maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Kuanzia leo nyoka akikuona atalegea."

Nisisitize. Hakusema pengine. Hakusema sijui. Mtu ambaye kila siku jibu lake ni sijui, siku ile alisema atalegea.

Kaka akakaa Geita miaka miwili bila tatizo. Alikuwa kwenye rashi, yaani sehemu mpya ambako dhahabu imetoka jana na leo watu mia wameshapiga maturubai. Pale kuna duara, ndilo shimo la kuchimbia, na pembeni ya duara wanarundika matimba, magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Asubuhi moja wakataka kushusha matimba, wakamkuta kifutu amelala chini ya rundo. Kazi ikasimama. Mmoja akasema apigwe koleo. Mwingine akasema, mbona tuna mtu wetu aliyechanjwa?

Kaka yangu, ambaye nampenda, ni mtu wa sifa. Akavua glavu. Jamani, akavua glavu! Akainama, akanyoosha mkono wa kulia kwa yule nyoka kama anamsalimia, akamngoja alegee.

Kifutu hakulegea.

Alimuuma kidole cha kati. Wenzake wakamfunika nyoka kwa karai, wakachukua vipande vya mpira wa tairi, vile wanavyofungia kila kitu machimboni, wakamfunga mkono sehemu tatu, kwenye kifundo, chini ya kiwiko na juu ya kiwiko, wakakaza kwa nguvu za wachimbaji. Halafu wakataka kumpakia kwenye pikipiki wampeleke hospitali. Kaka akakataa. "Mwiteni Myeye," akasema. "Ni yeye aliyenichanja, ni yeye atakayemaliza."

Bahati Myeye alikuwa Nkome siku hiyo, wanawake wa dagaa walimwita. Wakampigia simu. Kutoka Nkome mpaka kwenye rashi, kwa bodaboda, barabara ile, ni safari. Muda wote huo kaka yangu amelala chini ya turubai, mkono unavimba, rangi inageuka, anamngoja mtu mmoja tu.

Haya mengine nilisimuliwa na wenzake kaka, na wote husimulia sawasawa. Myeye alifika, akashuka kwenye pikipiki, akautazama ule mkono. Watu wakampa nafasi, wengine walishaleta maji ya moto kwa ajili ya mizizi. Hakufungua mfuko wa dawa. Alisimama tu. Halafu akasema, "Gari."

"Dawa kwanza, Mzee," wakamwambia.

"Gari!" akapiga kelele, na hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele.

Akafunua karai, akamshika yule kifutu, akamtia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, wakaondoka na gari la kubebea mawe.

Hospitalini daktari akauliza ni nyoka gani. Myeye, badala ya kutaja, akafungua kifungo ili amwonyeshe. Nasikia chumba kile kilibaki na watu wawili, mgonjwa kwa sababu hawezi kutembea na Myeye kwa sababu ndiye mwenye nyoka. Daktari akawa anapiga kelele kutoka koridoni, "Funga, Mzee! Nimeshamwona! Funga!" Alipofunga, mlinzi akaja kumvuta koti ili amtoe nje. Kifungo cha juu kikang'oka kikaruka, mlinzi naye akaruka. Lakini vya chini vilishika. Vile nilishona mimi, na uzi nilipitisha mara nne.

Mimi nilifika kesho yake kwa basi kutoka Shinyanga. Mipira ilikuwa imeshakatwa na madaktari, mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu wao, na dawa ya sumu ilikuwa inaingia kwa dripu. Myeye alikuwa amekaa nje ya wodi kwenye sakafu, uso ameugeuzia ukuta ili asione sindano. Sikumsalimia. Ndiyo mara ya kwanza maishani nilimpita mzee bila shikamoo.

Daktari alikuja akatueleza wote wawili. Mkono utapona. Kidole hakitapona, kimekufa, kitakatwa. Sumu ya kifutu inaozesha nyama, na ile mipira ilizuia damu ikaongeza uharibifu. "Na kungoja," akasema. "Mngengoja zaidi, tungekuwa tunazungumza habari ya mkono mzima. Aliyesema aletwe ndiye aliyemwokoa." Na aliyesema nyoka atalegea ndiye aliyemtia kwenye balaa hilo, nikasema moyoni. Mtu yuleyule!

Myeye aligeuka kutoka ukutani. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Hiyo dawa ya kwenye maji, mnaichimba wapi?"

Daktari alikuwa kijana, alikuwa amechoka, lakini aliketi. Akamweleza kwamba wanakamua sumu ya nyoka, wanamchanja farasi kidogokidogo, kila mara wanaongeza. Farasi haugui, damu yake inajifunza kupigana na ile sumu. Kisha wanachukua ile nguvu kutoka kwenye damu ya farasi, ndiyo wanayomtilia mgonjwa.

Myeye akamtazama. "Mnachanja?"

"Tunachanja farasi."

"Na yule wa visiwani? Wa kijani, mwenye mashimo usoni?"

Daktari hakujua anazungumzia nini, ikabidi nieleze mimi huku nimenuna. Akasema naam, huko nako wanafanya hivyohivyo, lakini kwa sumu ya nyoka wa huko. Dawa ya huko haimfai mtu aliyeumwa na kifutu, na ya kwetu haimfai wa huko.

"Basi wapo," Myeye akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. "Nilikuambia, ng'wanawane. Wapo."

Mimi nilitaka kumpiga. Ndugu yangu anakatwa kidole, mtu anafurahia farasi! Nilichelewa sana kuelewa kwamba siku ile mzee yule alikuwa amepoteza kila kitu alichokiamini na akaokota kipande kimoja cha kushika.

Wiki mbili baadaye akaniletea koti. "Kifungo cha juu," akasema. Nikalichukua nikalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. "Nitakuambia likiwa tayari," nikamjibu, na sikumwambia kwa miaka sita.

Kifungo kimoja! Ni kazi ya dakika mbili. Lilikaa pale, nikifuta vumbi mlango nalizunguka. Mwanzoni alipita kuuliza, kisha akaacha kuuliza, akawa anapita tu, ananisalimia kwanza yeye mzee mzima, "Mwangaluka, fundi," nami naitikia kwa pua. Angeweza kupeleka koti jingine kwa fundi mwingine, mafundi wamejaa. Hakupeleka. Nyoka wake aliwaachia porini upande wa Kishapu, masanduku akayapasua kuni. Wenzake wa chama walipomwita kwenye ngoma akawajibu hana koti. Aliyekuja kutaka kuchanjwa alimwambia, "Sichanji." Aliyeumwa alimsindikiza hospitali kwa miguu yake, akakaa nje akiangalia ukuta.

Na kaka akija likizo, Myeye alimsalimia akiwa ameficha mikono nyuma. Alimwangalia usoni, hakumwangalia mkono. Kaka naye aliweka wake mfukoni, maana ana aibu ya ile glavu. Wanaume wawili wanaamkiana uani kama waliofungwa pingu. Kaka hakuwahi kumkasirikia, nimekuja kujua. Aliniambia, "Ni mimi niliyemshika. Yeye hakuniambia nimshike." Mwenye hasira nilikuwa mimi peke yangu, niliyebaki na vidole kumi.

Mwaka huu, wakati pamba inapakiwa, kaka akaja bila taarifa. Siku hizi ni msimamizi wa duara, ana tumbo kidogo. Hakunywa hata chai.

"Tumeumwa tena," akasema. "Kijana wa karasha, kule kwenye kusaga mawe. Wamemfunga mipira, wakamngoja mganga siku nzima. Amekatwa mkono, hapa." Akaonyesha juu ya kiwiko. "Nimewaambia mpaka sauti imekauka. Nawaonyesha kidole. Unajua wananiambia nini? Wananiambia wewe aliyekuchanja alikuwa feki. Sisi wetu ni wa uhakika."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka aje mwenyewe aseme."

Tukaenda pamoja nyumba ya nyuma. Myeye alikuwa uani anapiga pasi suruali. Kaka akamweleza yote. Mzee akaiweka pasi pembeni, akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta. Mikono ikaenda nyuma.

"Nikisimama nikasema chanjo yangu haikushika," akasema, "hakuna atakayeniita Myeye tena."

"Ndiyo, Mzee," kaka akamjibu. Hakumpaka mafuta. "Lakini usiposema, watakatwa wengine."

Kule ndani, kwa mlango uliokuwa wazi, niliuona ule ukurasa wa kalenda, kijani kimefifia. Nilidhani atasema sijui.

"Koti langu liko wapi?" akauliza.

Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. "Kwangu, Mzee," nikasema. "Kwenye msumari."

Nilikwenda dukani karibu nakimbia. Nikalishusha, nikalipiga vumbi, nikatafuta kifungo cha kufanana. Nilipoingiza mkono mfuko wa ndani ili nishike kitambaa, vidole vyangu vikagusa kitu kikavu. Nikakivuta. Vipande vitatu vya mpira wa tairi, vimekatwa kwa mkasi wa hospitali, vimeviringishwa pamoja vizuri kama mtu anavyoviringisha cheti. Aliviokota siku ile. Aliniletea koti vikiwemo ndani, na mimi nikatundika, nikanuna, vikakaa nyuma ya mlango wangu miaka sita. Nilikaa kwenye kiti changu nikalia, nawaambieni ukweli. Kisha nikashona kifungo, uzi nikaupitisha mara nane. Vipande nikavirudisha palepale.

Kwenye rashi tulifika mchana, karasha zimezimwa, wachimbaji wamekaa juu ya viroba vya mawe, wamekuja kuangalia mtu wa nyoka. Myeye akasimama mbele ya matimba na koti lake kwenye jua lile, miguuni buti za mpira za kaka, kubwa kwake. Akafungua mfuko wa kwanza. Wote wakarudi nyuma. Akatoa ukurasa wa kalenda.

Akawaeleza habari za nyoka wa visiwani na mashimo yake, wakacheka, mmoja akasema huyo apewe koleo. Akawaeleza kwamba hata huko dawa ni ya hospitali, na akawaeleza habari za farasi. Kisha akafungua mfuko wa pili, akatoa vile vipande vya mpira. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja pale alikuwa navyo mfukoni au kiunoni.

"Hivi vilifungwa kwenye mkono wa huyu," akasema, bila kumtazama kaka. "Na mimi nilimwambia nyoka atalegea. Nilimdanganya. Sikujua kama namdanganya, lakini nilimdanganya. Hivi vilikula kidole, na neno langu lilikula kidole. Mtu akiumwa, msimfunge. Msimkate. Msiningoje mimi wala mwingine yeyote. Atulie, gari litafutwe."

Sauti ikatoka nyuma, kijana mmoja mwenye kofia ngumu: "Sasa Mzee, yaani hata ukinichanja wewe mwenyewe leo?"

Myeye akavuta ugoro. Tukangoja chafya. Ikaja.

"Farasi ameshachanjwa kwa niaba yako," akamwambia. "Wewe vaa buti."

Walicheka mpaka viroba vikaporomoka. Kisha wakamfuata kwenye matimba, akawaonyesha kugonga rundo kwa fito ndefu kabla ya kushika gogo, kuondoa moja moja, glavu mkononi. Kabla hajaanza alisema hodi. Na wachimbaji karibu hamsini, wanaume na vifua vyao, wakaanza kusema hodi.

Jioni gari lilipokuwa tayari, kaka alikuja kumuaga. Akasimama mbele ya Myeye na mkono mfukoni, kama kawaida yao. "Wabeja, Mzee," akasema, ahsante. "Wameniuliza utarudi lini."

"Wameniita nani?" Myeye akauliza.

Kaka hakuelewa. "Wamekuita nani kivipi? Wanauliza Myeye atarudi lini."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. Mikono yake ikatoka nyuma. Akanyoosha wa kulia, akaungoja.

Kaka akautoa wake mfukoni. Myeye akaushika kwa mikono miwili, akaugeuza juu, chini, akapita kidole kwa kidole kama mimi ninavyohesabu vifungo, mpaka akafika pale kati pasipo na kitu, akatulia hapo. Mkono wote wa kaka yangu, mtu wa sifa, ulikuwa umelegea ndani ya mikono ya yule mzee.